Tusikizike Kigango Kingali Hai



Juma hili tunaandika kwa uchungu, na msomaji atuwie radhi iwapo kalamu yetu itakuwa kali kidogo kuliko ilivyo desturi. Yapo maneno ambayo kwa muda mrefu yamekuwa yakisemwa chini chini barazani mwa nyumba zetu, na sasa yamepanda hata kufika mezani pa Halmashauri ya Walei: ya kwamba vigango vyetu vilivyodhoofika vifungwe, waumini wake waunganishwe na vigango vikubwa vya jirani, na mabati na mabenchi yake yahamishiwe penye watu. Hoja yenyewe imepangwa vizuri. Inasemwa kwamba padri anajichosha bure, na pikipiki inakunywa mafuta, kwa ajili ya watu wasiojaza mabenchi matano. Inasemwa kwamba zaka ya kigango kizima haifikii zaka ya jumuiya moja ya pale mjini. Inasemwa kwamba vijana wamekwenda zao migodini na mijini, na waliobaki ni akina mama wazee na watoto. Mmoja wa wajumbe akahitimisha kwa kusema kwamba kile si kigango tena, ni matanga.

Sisi tunasema hapana. Na kwa kuwa waliosema maneno hayo si maadui wa Kanisa, bali ni Wakatoliki wema wanaotoa zaka na kusali rozari, hatuna budi kuwajibu kwa hoja na si kwa hasira.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyotumika kama panga. Anayetaka kupima kanisa kwa vichwa na kwa fedha na afungue kitabu cha Ufunuo, sura ya pili na ya tatu, ambamo Bwana anayaandikia makanisa saba ya Asia Ndogo, nchi ambayo leo ni Uturuki. Makanisa matano kati ya hayo saba yanakemewa. Mawili tu hayapati karipio hata moja, nayo ni Smirna na Filadelfia. Smirna lilikuwa kanisa fukara lililokuwa likingojea mateso. Filadelfia linaelezwa waziwazi kuwa lenye nguvu haba. Nao mji wake ulikuwa umetikiswa na tetemeko kubwa la mwaka 17, na mwanajiografia Strabo aliandika kwamba watu wengi wa huko walipendelea kuishi mashambani kwa kuhofia kuta za nyumba zao. Hebu fikirini kanisa la namna hiyo lingeandika taarifa gani ya mwaka! Laodikea, kwa upande mwingine, ulikuwa mji wa mabenki na wa sufu nzuri. Tetemeko lilipoubomoa mwaka 60, ulijijenga upya kwa fedha zake wenyewe bila kupokea msaada wa Roma, kama anavyosimulia mwanahistoria Tacitus. Nalo kanisa lake likajiona kuwa limetajirika na halihitaji kitu. Sote tunajua liliambiwa nini. Hali kadhalika Sardi, lililokuwa na jina la kuwa hai, liliambiwa kwamba limekufa. Kama Halmashauri yetu ingeketi Asia Ndogo siku zile na daftari lake la mahudhurio, tunajiuliza ni makanisa yapi ambayo mabati yake yangeng'olewa.

Huenda mtu akasema kwamba Maandiko ni Maandiko, ila uendeshaji wa parokia ni jambo jingine. Basi tutoke kwenye Maandiko, tuje kwenye historia ya Kanisa katika ukanda wetu huu wa Maziwa Makuu.

Tarehe 17 Februari 1879, Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Wamisionari wa Afrika ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walishuka pwani ya Kigungu, karibu na Entebbe. Wenzao watatu wakafuata miezi michache baadaye. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1880 waliwabatiza waumini wa kwanza. Lakini mnamo Novemba 1882, hali katika ikulu ya Kabaka Mutesa ilipokuwa ya hatari, wamisionari wote waliondoka. Walivuka ziwa wakaja kusini na kuweka makao Bukumbi, katika Mkoa wa Mwanza wa leo. Buganda ikabaki bila padri hata mmoja. Wabatizwa walioachwa nyuma hawakufika mia. Hapakuwa na Misa, hapakuwa na maungamo, wala hapakuwa na nyumba ya mapadri ya kwenda kubisha hodi. Kwa vipimo vya mjumbe wetu, hayo yalikuwa matanga kweli kweli.

Wamisionari walirudi Julai 1885, baada ya karibu miaka mitatu. Walikuta nini? Walikuta wakatekumeni ni wengi kuliko waliowaacha. Nani alikuwa amewafundisha? Yosefu Mukasa Balikudembe aliwafundisha vijana wahudumu wa ikulu. Andrea Kagwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliifanya nyumba yake kuwa shule ya dini. Kule Mityana, Matia Mulumba aliwakusanya majirani pamoja na Luka Banabakintu. Na miongoni mwa watu wa jumuiya ile alikuwamo Noa Mawagali, mfinyanzi wa vyungu. Mapadri waliporudi, watu hao wa Mityana walikuwa wakitembea takribani kilomita 70 kwenda kusali Misa, na walikwenda kwa zamu ili nyumbani pasibaki patupu. Tunaomba jambo hilo la zamu lisisomwe haraka haraka. Kikundi kile hakikuwa kinangoja kuhudumiwa. Kilikuwa kimejipangia majukumu.

Yaliyofuata tunayasoma kila mwaka ifikapo Juni 3. Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, na siku hiyo hiyo Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi yake ya kuwaongoza vijana wale, alibatizwa. Mwezi Juni mwaka uliofuata Lwanga alichomwa moto pale Namugongo. Wakatoliki 22 kati ya mashahidi wale walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Tunawaimbia, tunawachukua kuwa somo wa jumuiya zetu na wa kwaya zetu, tunawapa watoto wetu majina yao, halafu tunasahau kwamba walikuwa matunda ya kanisa lililokaa karibu miaka mitatu bila padri, bila bati, bila kengele, likiongozwa na walei waliobatizwa juzi.

Na akitokea wa kusema kwamba miaka mitatu ni michache, basi amwulize Mungu kuhusu Japani. Huko Ukristo ulipigwa marufuku mwaka 1614, na hatimaye padri hakubaki. Tarehe 17 Machi 1865, yaani baada ya zaidi ya karne mbili, wakulima wa kijiji cha Urakami walimwendea Padri Bernard Petitjean katika kanisa jipya la Oura, mjini Nagasaki, wakamjulisha kwamba imani yao ni moja na yake. Vijiji vile vilidumu kwa sababu kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mmoja alitunza kalenda ili watu wajue lini ni Kwaresima na lini ni Noeli. Mwingine alikuwa mbatizaji. Mwingine alipeleka habari nyumba kwa nyumba. Wala hatudhani kwamba waliwahi kujaza mabenchi matano; mabenchi yenyewe hawakuwa nayo.

Sasa tunasikia pingamizi, na ni pingamizi la haki: wale walikuwa wanateswa, bali wa kwetu ni wavivu tu, hakuna anayewafukuza kanisani.

Je, ni kweli kwamba hakuna anayewafukuza?

Tumezitembelea familia zilizoacha kusali katika kile kigango kinachotakiwa kifungwe. Tulikwenda tukitarajia kusikia habari za mhubiri mpya aliyefungua kanisa karibu na soko, na kweli wapo waliotuambia habari zake. Wapo pia wanaoishi katika ndoa isiyobarikiwa, kwa sababu mahari haijaisha au kwa sababu wanaogopa gharama za sherehe, na hivyo wanajiona hawana nafasi. Lakini neno tulilolisikia katika nyumba nyingi kuliko neno jingine lolote lilikuwa fupi: «Padri, nadaiwa.» Anadaiwa zaka ya mwaka jana. Anadaiwa mavuno. Anadaiwa mchango wa ujenzi wa nyumba ya mapadri, mchango wa seminari, mchango wa sikukuu ya somo wa jumuiya, na fedha ya kitenge cha sare ya jubilei. Jina lake lilisomwa mbele ya watu pamoja na majina ya wengine ambao hawajakamilisha. Tangu siku ile hakurudi. Mama mmoja mjane alituambia kwamba anasali nyumbani asubuhi na jioni, na kwamba atarudi kanisani siku atakapouza ng'ombe. Ng'ombe huyo hana. Alikuwa anasema juu ya ng'ombe ambaye bado hajamnunua.

Huyo ndiye tunayemwita mvivu.

Tusieleweke vibaya. Kanisa ni letu na ni juu yetu kulitegemeza; Sheria ya Kanisa katika kanuni ya 222 yasema wazi kwamba waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa, na nyakati za kungoja mapipa ya nguo na unga kutoka Ulaya zimepita, tena afadhali zimepita. Lakini sheria ile ile, katika kanuni ya 848, yaagiza kwamba wahitaji wasinyimwe kamwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Na kanuni ya 1181 yaagiza vivyo hivyo juu ya maziko. Basi inakuwaje mtu akifa katika baadhi ya jumuiya zetu, swali la kwanza linaloulizwa msibani, hata kabla ya kaburi kuchimbwa, ni kama kadi ya marehemu imejazwa? Maiti imelala ndani, watoto wanalia, nasi twahesabu miezi! Tunajua hoja ya viongozi wa jumuiya, kwamba wasipokaza kamba hakuna atakayetoa. Twawajibu kwamba kamba mnayoikaza imekwisha kuwanyonga watu, na kigango mnachotaka kukifunga kimefungwa tayari na mkono wa mweka hazina.

Ni jambo la kusikitisha zaidi kwa sababu jumuiya ndogo ndogo hazikuanzishwa kwa kazi hiyo. Maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki, katika mikutano ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, walizichagua kuwa msingi wa uchungaji katika eneo letu ili Kanisa lishuke hadi mahali ambapo watu wanafahamiana kwa majina, wanajua nani ni mgonjwa na nani amelala njaa. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ikalieleza Kanisa kuwa ni Familia ya Mungu. Familia gani hiyo inayomfungia mlango mtoto asiye na senti? Wababu zetu hawakuwa na hati za Sinodi, lakini walijua kwamba mwana akija mikono mitupu hupewa kigoda kwanza, na maneno baadaye.

Kuna dawa nyingine inayopendekezwa, hasa na wale wasiotaka kufunga kigango bali kukiamsha. Wanasema tukodi vyombo, tulete jenereta na spika kubwa, tufanye mkutano wa siku saba wa injili na uponyaji, maana «wenzetu» ndivyo wanavyofanya na watu wanajaa. Hatuwabezi ndugu wa karismatiki, ambao wamewarudisha wengi kwenye sala. Na sisi wenyewe tunapenda muziki, ingawa siku hizi baadhi ya vinanda vya kwaya zetu vinapigwa kana kwamba Mungu ana uziwi. Swali letu ni moja: siku ya nane itakuwaje? Jenereta likisharudishwa kwa mwenyewe, nani atamfundisha sala yule aliyeguswa? Nani atakwenda kumwona mgonjwa aliyeombewa asipone? Kigango kitakuwa na kumbukumbu ya kelele na deni la kukodi vyombo; na deni hilo, tunajua, litagawanywa kwa kaya.

Kinachofanana katika mapendekezo haya mawili, la kufunga na la kupiga kelele, ni kwamba yote yanawaona watu wa kigango kuwa ni wateja. La kwanza linasema wateja hawatoshi, duka lifungwe. La pili linasema duka lipambwe, wateja watakuja. Hakuna hata moja linalowauliza watu wenyewe wanaweza nini. Hapo ndipo Buganda inapotuhukumu. Kundi lile halikuhuishwa kwa kuletewa kitu, maana hakikuwapo cha kuletewa. Lilihuika kwa sababu kila aliyebatizwa alijua kuna mtu ambaye asipomfundisha yeye hatafundishwa na mwingine.

Na hivyo ndivyo tulivyokiona kigango chetu, kwa anayetaka kuona. Kuna katekista ambaye kila Jumapili, iwe mvua au jua, anaongoza Ibada ya Neno, jambo ambalo Kanisa linalihimiza sana, katika kanuni ya 1248, mahali ambapo Misa haiwezekani kwa kukosa padri. Posho yake ni aibu kuitaja, na baiskeli yake haina breki ya mbele. Kuna bibi ambaye macho yamepunguka lakini anakumbuka katekisimu yote kwa kichwa, maswali na majibu, naye anawafundisha watoto chini ya mwembe. Wanafika kwetu parokiani kwa ajili ya Komunyo ya Kwanza wakiwa wanajua zaidi ya watoto wa mjini wenye vitabu, na hilo mapadri wenzetu wanalikiri. Kuna akina mama ambao, wakisikia mtu amelala kitandani, wanakwenda kumchotea maji na kumfulia nguo bila kuuliza ni wa dhehebu gani. Mtu awaite matanga akipenda. Tunafahamu parokia zenye mnara na saa ya ukutani ambazo zingefaidika kwa kupata robo ya matanga hayo.

Hatusemi kwamba kigango hakifungwi kamwe. Kijiji kikihama, kama vilivyohama vingi wakati wa operesheni za vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, kanisa huwafuata watu. Na mahali penye vigango viwili vilivyojengwa kwa ushindani wa koo mbili, tena vikitazamana ng'ambo ya mto, kuunganisha kwaweza kuwa ndiyo Injili yenyewe. Lakini hayo si ya kwetu. Kwetu, kufunga maana yake ni kumwambia bibi asiyeona vizuri atembee saa mbili na nusu kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Hataweza. Tutakuwa tumeokoa mafuta ya pikipiki na kumpoteza katekisimu anayetembea.

Kwa hiyo tumelirudisha pendekezo kwa Halmashauri, na tumeleta la kwetu, ambalo litajadiliwa katika kikao kijacho. Halmashauri hutoa ushauri, nasi tutausikiliza. Ila tumekwisha kuagiza jambo moja lisilongoja kikao: kuanzia Jumapili hii hakuna jina la mdaiwa litakalosomwa ndani ya kanisa lolote la parokia hii, wala msibani. Asiye na kitu na aje na asivyo navyo. Viongozi wa jumuiya wakiona familia haijatoa kwa mwaka mzima, wasiandike barua. Waende wakaketi nao, wakaone kama chungu kiko jikoni. Tunaomba pia kila jumuiya ya mjini imchukue katekista mmoja wa kigango, imsaidie kwa posho na vitabu, na tungefurahi kama jumuiya ya kwanza ingeanza na breki ya baiskeli. Padri ataongeza Misa kigangoni kutoka moja ya kila miezi miwili iwe moja ya kila mwezi. Kwaya ya parokia itakwenda huko mara mbili kwa mwaka, bila spika, kuimba na wenyeji nyimbo wanazozijua wenyeji.

Kwa ndugu zetu wa kigango tuna neno pia, maana wasidhani utetezi huu ni ruhusa ya kulala. Wale wanaume wanaokaa nje chini ya mti wakati Ibada inaendelea na kuingia kwenye matangazo, tunawaona. Matia Mulumba alikuwa na mke na shamba na cheo, na bado alitembea hadi kwa mapadri. Tungependa kusikia kabla ya Majilio ni nani kati yenu atajifunza kusoma masomo, nani atashika zamu ya kuwatembelea wagonjwa, na nani atakwenda na katekista kwa yule mjane kumwambia kwamba habari ya ng'ombe imekwisha.

Paa la kigango linavuja upande wa altare, na misumari na mabati machache yatatosha. Jumamosi ijayo tutakuwa huko kuanzia saa tatu asubuhi. Mwenye nyundo na aje nayo.